Kupungua si kukonda: kwa nini chuma hakikufanyi baunsa

Mtu akirudi kwao baada ya mwaka mzima mjini, shangazi atampokea mzigo, atamtazama kuanzia juu hadi chini, kisha atatoa hukumu ya mwili wake. "Umenawiri, mwanangu" ni pongezi. "Mbona umekonda?" ni swali lenye maswali mengine ndani yake: unaumwa? unakula? nyumbani kuna amani? Kwetu kukonda hakujawahi kuwa jambo la kujivunia. Hukonda mgonjwa, hukonda mwenye mawazo, hukonda ng'ombe kiangazi kikizidi. UKIMWI ulipoanza kuua watu Uganda katika miaka ya 1980, wenyeji waliuita Slim kwa jinsi ulivyowamaliza wagonjwa nyama, na wengi waliokuwa watu wazima wakati ule bado hushtuka wakimwona kijana wao ameporomoka kilo kadhaa.

Lakini tuna neno jingine, kupungua. Mtu amepungua akiwa bado na nguvu zake, ngozi imetulia, nguo zinamkaa, ngazi anapanda bila kuhema. Tofauti ya maneno haya mawili inapimika. Anayekonda anapoteza mafuta na misuli kwa pamoja. Anayepungua vizuri anapoteza mafuta huku misuli yake ikibaki mahali pake. Mizani haiwezi kuwatenganisha watu hawa. Wote wawili itawaambia wameshuka kilo sita, na wote wawili watafurahi, mpaka miezi minne baadaye mmoja wao ajikute amechoka, amelegea, na kilo zimerudi zote.

Naandika haya kwa sababu naona watu wengi, hasa wanawake, wanataka kupungua na wanaishia kukonda, na kinachowapeleka huko ni hofu moja. Dada anaingia jimu, anapanda mashine ya kukimbilia dakika arobaini, anachezesha dambeli za kilo mbili mbele ya kioo, anaondoka. Ukimwambia ajaribu skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na chuma begani, anarudi nyuma: "Hapana, mimi sitaki misuli, nataka kupungua tu. Sitaki kuwa kama baunsa." Nimeisikia kauli hii mara nyingi sana, na kila ninapoisikia nasikitika, maana kitu anachokikimbia ndicho ambacho kingempa umbo analolitaka.

Ubaunsa unavyotengenezwa

Misuli mikubwa haiji kwa bahati mbaya. Inahitaji mambo matatu yakutane: homoni, chakula cha ziada na miaka.

Homoni yenyewe ni testosteroni. Mwanamume mzima anayo kwa kiasi cha mara 10 hadi 20 zaidi ya mwanamke. Na hata huyo mwanamume mwenye nayo tele, nenda kamwulize. Waulize vijana wa jimu za mtaani, wale wanaomimina zege kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba ili wapate chuma cha kunyanyua. Wanapiga tizi kila jioni, wanakula mayai kwa trei, na baada ya miaka mitatu bado wanalalamika kwamba mkono haujajaa. Kama kunyanyua uzito kungemvimbisha mtu kirahisi hivyo, wao wangekuwa wa kwanza kufaidi.

Cha pili ni chakula. Nyumba haijengwi kwa tofali ambazo hazijaletwa. Mwili unaopewa chakula pungufu ya unachotumia, na hiyo ndiyo hali ya kila anayepungua, hauna mali ya kujengea minofu mikubwa. Unaweza kulinda misuli uliyonayo, na kwa anayeanza unaweza hata kuongeza kidogo, lakini kuvimba hauwezi.

Cha tatu ni muda. Tafiti za watu wazima wanaoanza mazoezi ya uzito zimeonyesha kwamba kwa wiki 10 mtu huongeza wastani wa kilo 1.4 hivi za misuli na kupoteza kilo 1.8 hivi za mafuta. Hiyo kilo na ushee igawanye mapajani, makalioni, mgongoni, kifuani, mabegani na mikononi, uone kila mahali panapata nini. Kisha fanya hesabu nyingine ambayo naipenda sana. Lita moja ya mafuta ya mwili ina uzito wa karibu kilo 0.9, lita moja ya msuli ni kama kilo 1.06. Kwa hiyo mtu huyu ametoa lita mbili za mafuta na kuingiza lita 1.3 za msuli. Kwenye mizani ameshuka gramu 400 tu, atadhani amepoteza muda wake. Lakini mwili wake umepungua ukubwa kwa zaidi ya nusu lita, na fundi cherehani ataliona hilo kabla ya daktari.

Wale wanawake tunaowaona kwenye picha wakiwa na mabega kama milango wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, wamekula kwa mpango mkali, na wengi wao wametumia dawa za homoni, ambazo huweza kumwachia mwanamke sauti nzito isiyorudi tena. Hakuna aliyefika pale kwa kunyanyua chuma mara tatu kwa wiki akiwa anapunguza ugali.

Nguvu na ukubwa havitembei pamoja kama tunavyodhani. Tarehe 24 Julai 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Hou Zhihui wa China alishindana katika daraja la wanawake wasiozidi kilo 49. Aliinua kilo 94 kwa mtindo wa kuupandisha uzito moja kwa moja hadi juu ya kichwa, kisha kilo 116 kwa mtindo wa kuupumzisha kwanza mabegani. Kilo 116 ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji, iliyoinuliwa na mtu mwenye uzito usiofikia mfuko mmoja. Sehemu kubwa ya nguvu ile iko kwenye neva: ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja. Anayeanza mazoezi huona jambo hilo hilo kwa kiwango chake. Wiki za kwanza uzito anaoweza kuunyanyua unapanda haraka, na umbo halijabadilika hata kidogo.

Wala hatuhitaji kwenda Tokyo. Bibi zetu walitwanga kwa kinu na mchi, wakatembea na ndoo ya lita 20 kichwani, ambayo ni kilo 20 kamili bila kuhesabu ndoo yenyewe, wakalima kwa jembe la mkono mpaka uzeeni. Walikuwa na mikono iliyokaza na migongo iliyonyooka. Hakuna aliyewaita mabaunsa.

Kuna imani nyingine inayoshikamana na hii: kwamba uzito mwepesi unaorudiwa mara nyingi hukaza mwili, na uzito mkubwa huvimbisha. Msuli haujui habari hizo. Una mambo matatu tu: kukua, kubaki ulivyo, na kusinyaa. Mwili tunaosema umekaza ni msuli uliopo, juu yake mafuta yamepungua kiasi cha kuruhusu uonekane. Uzito mwepesi nao hujenga, mradi uurudie mpaka unakaribia kushindwa. Dambeli ya kilo mbili inayochezeshwa mara 15 na mtu ambaye kila siku anabeba mtoto wa kilo 14 haimwambii mwili chochote kipya.

Nikiri hata hivyo kwamba wanaolalamika kuvimba hawadanganyi. Wiki mbili tatu za mwanzo, suruali inabana mapajani na mizani inapanda kilo moja au mbili. Msuli ulioshtuliwa na kazi mpya huvuta maji wakati unajirekebisha, na pia huongeza akiba yake ya glikojeni, ambayo ni sukari ya msuli. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu kama tatu za maji. Hayo ni maji, yatatulia. Sababu nyingine ni njaa: mazoezi huamsha hamu ya kula, mtu anaongeza sahani bila kujua, na mafuta yanabaki pale pale juu ya msuli mpya. Huyo kweli ataongezeka, ila kilichomwongeza ni sahani. Wengi huacha wiki ya tatu, na wanaondoka wakiwa na ushahidi mkononi kwamba chuma huvimbisha. Ningewaomba wafike wiki ya nane kabla ya kuamua.

Mafuta yanatokea wapi

Mafuta yanapunguzwa jikoni zaidi ya jimu. Jumapili asubuhi Dar es Salaam, vilabu vya jogingi vinapita barabarani na fulana zao za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka, filimbi mbele. Ni jambo zuri na ninalipenda kwa moyo wote, kwa afya ya moyo na kwa undugu wake. Lakini ifuate ile hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anatumia kalori kama 350, zile zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Mbio zikiisha, kikundi kinakaa kwenye supu. Chapati moja ya kusukuma iliyopakwa mafuta vizuri ina kalori 250 hadi 300. Chapati mbili, bakuli la supu yenye mafuta yake na soda ya nusu lita, ambayo peke yake ina kalori zaidi ya 200, na ile mbio imelipwa mara mbili na chenji juu.

Mwanamke wa kilo 70 anayefanya kazi ya kukaa hutumia takriban kalori 1,900 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama 7,700. Akipunguza 400 au 500 kwa siku, atashuka karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha kasi itapungua, kwa kuwa mwili mdogo unahitaji kidogo na wenyewe pia hujibana. Nusu kilo inaonekana ndogo mbele ya matangazo ya "kilo 10 kwa siku 7". Zile za matangazo ni maji na kinyesi. Anayeacha wanga ghafla humaliza akiba ya glikojeni na maji yake, anashuka kilo mbili tatu kwa siku chache, na siku akila wali zinarudi zote.

Kalori 500 hazihitaji mtu ahame chakula cha kwao. Zimejificha mahali ambapo hatutazami. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na mboga nyingi tunazikaanga kwa vijiko vinne vitano kabla kitunguu hakijaiva. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, inakaribia kalori 180. Unga wa mahindi una kama 360 kwa kila gramu 100, na ugali wa kushiba wa mtu mmoja huweza kumeza gramu 200 za unga. Sisemi ugali ni adui. Nasema sahani zetu nyingi ni ugali robo tatu na mboga ya kuchovea, na mtu anaweza kugeuza: mboga za majani zijae nusu ya sahani, samaki au maharage robo, ugali robo. Tui zito na karanga ni vyakula vizuri, lakini konzi moja ya karanga ni kalori 170, na hakuna anayekula konzi moja.

Kufunga kula kwa saa nyingi, mtindo unaosifiwa sana siku hizi, kunafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: ukila kidogo kwa jumla, utapungua. Waliofunga Ramadhani wakafuturu kaimati, sambusa, tambi za sukari na uji mzito wanajua kwamba saa pekee hazipunguzi mtu.

Sasa, ukipunguza chakula bila kumpa mwili sababu ya kulinda misuli, sehemu ya unachopoteza, mara nyingi kama robo, si mafuta. Hapo ndipo kupungua kunageuka kukonda. Ulinzi ni wa namna mbili: mazoezi ya uzito, na protini. Anayepungua huku akifanya mazoezi anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa wa kilo 70 ni kati ya 84 na 112. Watu wakisikia hivyo hufikiria makopo ya unga ya bei kali. Mayai mawili yana gramu 12. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa vina kama 30. Kipande cha samaki cha gramu 150 kinatoa kama 35. Nusu lita ya mtindi, 16. Umeshafika 93 bila kununua kopo. Dagaa wakavu ndio ninaowaonea uchungu kwa jinsi tunavyowadharau: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wanauzwa kwa kisado kila soko.

Tumbo lenyewe

Swali linaloulizwa kuliko yote: nifanye nini nitoe kitambi tu, na nyama uzembe za pembeni, makalio yabaki? Hakuna zoezi linalochagua. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi kwa miaka kuliko mwingine. Mkono wa kuchezea ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini mafuta chini ya ngozi yalilingana mikono yote miwili. Kukunja tumbo mara 200 kutaimarisha misuli ya tumbo chini ya kitambi, na kitambi kitakaa juu yake. Mwili huchota mafuta kwa mpangilio wake, unaotokana na kurithi na homoni: estrojeni huyapeleka nyongani na mapajani, na mwanamke akishakoma hedhi huanza kuhamia tumboni. Mara nyingi mahali unapopataka papungue kwanza ndipo panapopungua mwisho.

Mkanda wa kubana tumbo unayasogeza mafuta pembeni hadi jioni. Nailoni inayofungwa kiunoni wakati wa kukimbia inatoa jasho, na jasho ni maji. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Mtu anapoteza maji na chumvi za mwili, na chakula chenyewe kilishafyonzwa juu huko kabla ya kufika utumbo mpana.

Mafuta yanatoka kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walichapisha hesabu yao katika jarida la kitabibu la BMJ: kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya ukaa kupitia mapafu, na 1.6 kama maji. Kitambi kinatoka kwa pumzi, taratibu, usiku na mchana, kwa muda wote ambao mwili unatumia kuliko unavyoingiza.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mambo mengi. Siku mbili au tatu kwa wiki, na kila siku miguu, kusukuma, kuvuta na kubeba. Skwati huanza kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti, kisha ukiwa umekumbatia ndoo yenye maji nusu, kisha imejaa. Pushapu huanza ukutani, zinashuka mezani, zinafika chini. Kuvuta ni kuinama na kuinua dumu hadi kiunoni. Seti mbili hadi nne za kila moja, yaani mizunguko ya kurudia zoezi bila kupumzika katikati, na kila seti urudie mpaka ubakiwe na marudio mawili matatu tu ambayo ungeweza kuongeza. Cha lazima ni mzigo uongezeke kadiri wiki zinavyokwenda. Mwili ukishauzoea mzigo hauna sababu ya kubadilika. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki, kunatosha kufikia zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja, na shirika hilo hilo linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki.

Kwa kupima, tumia tepu ya fundi, usawa wa kiuno, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki mbili. Kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume ndipo hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inapoanza kupanda, kwa hiyo kipimo hiki kinakuhudumia hata kama shepu si shida yako. Mwanamke ambaye hedhi imekata akiwa anapunguza mwili ameshavuka mpaka. Anakula kidogo mno kwa kazi anayoufanyisha mwili, na mifupa ndiyo inayolipa. Aongeze chakula na amwone daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari asibadilishe mlo kabla ya kuzungumza na wanaomtibu, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla. Mjamzito na anayenyonyesha mtoto mchanga, huu si wakati wao wa kupunguza.

Imebaki hofu moja, ile ya kwamba ukiacha chuma misuli itageuka mafuta. Haigeuki, kama mbao isivyogeuka mawe. Ni nyama mbili tofauti. Ukiacha, msuli husinyaa polepole, na ukiendelea kula kama ulivyokuwa unakula, mafuta hujaa yenyewe pembeni yake. Lakini kuulinda msuli ni kazi ndogo kuliko kuujenga. Kwa vijana, hata siku moja kwa wiki imeonekana kutosha kwa miezi kadhaa, mradi uzito unaonyanyuliwa ubaki ule ule. Kwa hiyo ukipata msiba, safari au msimu wa mitihani, usiache zote. Bakiza siku moja, na ndoo ijae.